Namna ya kwenda na familia kutengeneza pampu ya maji ng'ambo ya Songwe

Mume wangu ni mtu wa Kyela, na mtu wa Kyela hana nchi moja. Mto Songwe umepita katikati ya koo zao: huku Tanzania, kule Malawi, Mnyakyusa na Mngonde wanasikilizana bila mkalimani na wanaoana kama zamani. Shangazi yake aliolewa Karonga. Tulipokwenda kumzika mumewe, ndipo tulipoiona ile pampu.

Ilikuwa kando ya uwanja wa shule, mkono wake umefungwa kamba ili watoto wasiuchezee, na kwenye zege kuna kibao cha waliotoa msaada. Wanawake waliipita na ndoo kichwani, wakaenda kufukua mchanga wa mto. Mzee wangu, yaani huyo mume wangu, amestaafu ufundi wa maji. Siku tatu za matanga alikuwa akiitazama kama mtu anayesikia mtoto wa jirani akikohoa usiku. Siku ya nne akaomba spana.

Kilichokufa ni mpira wa pistoni, kitu kinachoingia kwenye kiganja. Fundi mmoja wa Karonga mjini alikuwa nao dukani. Pampu ilikuwa imekaa bubu misimu miwili ya kiangazi.

Tangu hapo tunakwenda kila Juni shule zikifungwa, sisi wawili na watoto watatu, kwa gari letu na fedha zetu. Watu wananiuliza tunafanyaje, kwa hiyo naandika kwa ajili ya familia nyingine inayotaka kufanya hivyo, iwe Malawi, Zambia au Kongo. Mimi si fundi. Nilifundisha hesabu sekondari, na kwenye safari hizi kazi yangu ni daftari. Mambo ya spana nitayasimulia kama nilivyoyaona nikiwa nimeshika tochi.

Kabla hujapakia chochote

Usiende bila kuitwa. Sisi tulikuwa na shangazi. Wewe tafuta shangazi wako: mtu anayeishi pale, anayechota maji pale, atakayekwambia ukweli usiku mkiwa jikoni. Yeye akufikishe kwa chifu wa kijiji, na chifu ajue ni siku ngapi mtakaa na nani atabaki na nini mkiondoka. Halafu nenda ofisi ya maji ya wilaya. Najua, ofisi zinachosha, na mwaka wa kwanza tuliiruka. Lakini huko ndiko kuna kumbukumbu ya kisima kilichimbwa urefu gani, na huko ndiko utaambiwa fundi wa eneo hilo ni nani. Ukitengeneza pampu bila fundi wa eneo umemnyang'anya mteja, na mwakani hatakuja hata akiitwa.

Pili, acha wazo la kuchimba kisima kipya. Kuchimba kunataka kibali, mtaalamu wa miamba, mtambo, na fedha ambazo familia haina; na kijiji unachokwenda karibu hakika kina pampu iliyosimama. Najua kisima kipya kinapendeza kwenye picha. Mpira wa pistoni haupigiki picha.

Ukishapata mwenyeji, muulize kwa simu kabla ya safari. Pampu ilianza kusumbua lini, au ilikufa ghafla? Mkono ukiupiga ni mwepesi au mzito? Maji yalikuwa yanapungua kila Oktoba? Na swali ambalo mzee wangu hunikumbusha kila mara: chai ikipikwa kwa maji hayo inakuwaje? Maji yenye chuma kingi huigeuza chai kuwa nyeusi kama wino, na wanawake huyakimbia hata kama pampu ni nzima. Mara nyingine chuma hicho kinatoka kwenye rodi zenyewe, vile vyuma virefu vinavyoshuka kisimani, zinazoliwa na kutu, na kubadili mpira hakutasaidia kitu mpaka ziwekwe za chuma kisichoshika kutu.

Omba picha ya kichwa cha pampu. Hili tulilipia. Mwaka wa pili mpwa wetu alituambia pampu ya kijiji cha pili ni "ile ile". Tukanunua vipuri Mbeya, tukafika, tukafungua kofia, ndani kuna mnyororo. Ni aina ya pampu iitwayo India Mark II, siyo Afridev kama ile ya kwanza. Mabomba ya chuma, vyombo vingine kabisa, na kuyanyua mabomba yale kunataka wanaume wengi na winchi. Tulikula wali wa watu siku mbili na kurudi na boksi letu. Afridev, ambayo ndiyo nyingi Malawi na ambayo ilitengenezwa miaka ya 1980 huko huko Malawi na Kenya, imefikiriwa kwa ajili ya mwanakijiji: bomba lake ni la plastiki, rodi zake zinashikana kwa kulabu, na unaifungua kwa spana yake moja na ndoana ya kuvulia valvu. Inavuta maji kutoka kina cha hadi mita 45. Kama familia yenu haina fundi wa kweli, shikeni Afridev tu.

Na vipuri nunua kule. Tulikuwa tunabeba kutoka nyumbani kwa sababu tuliona ni wema. Kumbe mwenye duka wa Karonga akiona hakuna anayenunua mipira, hataiweka tena, na kijiji kikihitaji mpira Novemba sisi hatupo. Siku hizi tunakwenda dukani na mwenyekiti wa kamati, yeye ndiye analipa, sisi tunampa nusu ya fedha. Bei yake si kubwa. Dizeli ya kutufikisha mpakani inaipita mbali.

Mpakani Kasumulu

Pasipoti za watoto zitengenezwe mapema, na ulizeni uhamiaji masharti ya mwaka huo. Mtaambiwa habari ya kadi ya njano, na kuna mbili: moja ya chanjo ya homa ya manjano, nyingine ni bima ya gari ya COMESA, soko la pamoja la nchi za mashariki na kusini mwa Afrika. Mwaka wa kwanza mzee wangu alimwonyesha ofisa wa magari kadi ya chanjo kwa kujiamini sana.

Vyombo viandikie orodha, nakala tatu, na kila spana iwemo, la sivyo kurudi nazo ni maelezo marefu. Dawa ya klorini ya unga isikae karibu na grisi, oili wala mafuta ya gari. Vikikutana vinaweza kuwaka moto bila kiberiti. Sisi tunaifunga kwenye ndoo kavu ya plastiki yenye kifuniko, nyuma kabisa, na dumu la dizeli linapanda juu ya keria.

Halafu saa. Ukivuka Songwe, saa inarudi nyuma. Saa tatu asubuhi ya Kyela ni saa mbili ya Karonga. Kikao chetu cha kwanza tulifika tukakuta kuku tu, tukaanza kulalamika kwamba watu hawajali muda, mpaka mtoto wetu wa kati akatazama simu yake.

Siku ya kwanza hakuna spana

Siku hiyo ni ya kusalimu na kula. Watoto wa mjini wafundishwe nyumbani: binti anachuchumaa akimsalimu mkubwa, anasema "Mugonile", hasimami wima na kupunga mkono. Kitinda mimba wetu alinuna njia nzima kuhusu hilo. Bibi mmoja alipoitikia na kumshika mashavu, kununa kukaisha.

Jioni mzee wangu hukaa na wanaume, mimi naenda kisimani na wanawake. Yanayosemwa huko hayafanani. Wanaume walituambia pampu iliharibika kwa sababu ya watoto. Wanawake waliniambia ilianza kudai mikono mingi asubuhi, yaani kupigwa mara nyingi kabla ya maji kutoka, zaidi na zaidi, miezi mitano mfululizo, na waliripoti na hakuna aliyesikia. Pampu ikidai mikono mingi asubuhi, maji yanavuja kurudi chini usiku, na hiyo ni valvu ya chini, kile kizibo kinachozuia maji yasirudi, au mpira wake. Wale akina mama walikuwa wamekwisha kuipima pampu yao bila kujua jina la kipuri.

Kama pampu bado inatoa maji kidogo, ipimeni. Sisi tunafanya hivi: piga mkono mpaka maji yatoke mfululizo, acha nusu saa, kisha anza kupiga ukihesabu. Ikizidi mikono mitano kabla ya maji, inavuja. Halafu piga mikono 40 kwa dakika moja, maji yote yaingie ndoo yenye alama. Yasipofika lita 10, ndani kuna kitu kimechoka. Mtoto wetu wa kati ndiye anahesabu kwa sauti, na watoto wa kijiji wanahesabu naye, kwa lugha zote. Namba hizo ziandikwe, maana baadaye ndizo zitakazosema kwa simu.

Tazama pia vilivyo juu ya ardhi. Choo kiko mbali kiasi gani? Chini ya mita 30 sisi tunakisema wazi mbele ya chifu, hata kama choo ni cha mwenyeji wetu. Zege limepasuka? Maji yanayomwagika yanakwenda wapi? Dimbwi la kando ya pampu, lenye kinyesi cha mbuzi, linapita kwenye ufa na kurudi kisimani. Kupitisha mfereji mpaka kwenye migomba ni kazi ya vijana ya nusu siku, na migomba inashukuru.

Kuifungua

Siku ya pili, asubuhi, kabla jua la Karonga halijakaa sawasawa, maana pale kando ya ziwa joto halina huruma kwa watu waliozoea Mbeya.

Naleta mkeka wangu wa zamani, naufua, nautandaza. Kila kitakachotoka kisimani kinalala juu ya mkeka, hakigusi udongo. Hii ndiyo sheria yangu pekee kwenye kazi ya mzee wangu na nimeishindania.

Anafungua kofia, anachomoa mkono, kisha rodi zinaanza kupanda. Kila moja ni kama mita tatu. Mmoja anavuta, wa pili ameshika ile iliyobaki chini, wa tatu anafungua kulabu. Asiyeachia ni wa pili. Rodi ikiponyoka ikaenda chini, safari yenu imegeuka kuwa ya uvuvi. Ya mwisho inakuja na pistoni. Kisha unafunga ndoana, unateremsha tena, unavua valvu ya chini kupitia bomba lile lile bila kulitoa.

Hapa ndipo mzee wangu alikosea miaka miwili: alikuwa anafanya yeye. Ana mikono mizuri, anafurahi, watu wanamtazama, wanapiga makofi, tunarudi nyumbani. Baada ya miezi saba pampu ikanyamaza tena kwa ugonjwa ule ule na hakuna aliyethubutu kuigusa, kwa sababu walichojifunza ni kwamba pampu hufunguliwa na mzee kutoka Tanzania. Siku hizi mikono yake iko mfukoni. Wanafungua wanawake wawili waliochaguliwa na wenzao, fundi wa eneo anawaelekeza, na yeye anaruhusiwa kusema "subiri" tu. Kazi ya saa mbili inakuwa ya siku nzima. Mara ya kwanza aliondoka akaenda kuzunguka shamba la mpunga, hakuweza kuvumilia kutazama.

Mpira mpya midomo yake inaelekea juu. Ukiuweka kichwa chini, pampu haitavuta kitu, na mtafungua yote upya. Lowesha kwa maji safi, usipake grisi. Bushi za plastiki za kwenye mkono nazo hazitaki grisi, ingawa kila kijiji kina mzee atakayeleta kopo. Badilini mpira wa pistoni, bobini (vile vizibo vidogo vya ndani) na mpira wa valvu kwa pamoja, kila mwaka, hata kama vinaonekana vizima. Kulabu zilizolika zitupwe. Rodi zikirudi, kila iliyounganishwa ivutwe kwa nguvu kabla haijashuka.

Dawa, na hesabu yake

Kisima kilichofunguliwa kimechafuka, hata kwa mkeka wangu. Lazima kitiwe klorini. Hapa nakuwa mwalimu tena.

Kesingi, yaani bomba linaloshikilia kuta za kisima, yenye kipenyo cha ndani cha milimita 110 inabeba kama lita 9.5 za maji kwa kila mita. Kina chote cha kisima tunakipata kwenye kumbukumbu za ofisi ya maji. Maji yameanzia wapi tunapima kwa kamba yenye uzito, valvu ya chini ikiwa bado haijarudishwa. Tukipata maji yamesimama mita 20, ni lita 190. Tunataka miligramu 50 za klorini kwa lita, yaani gramu 9.5. Unga wetu una klorini asilimia 65, kwa hiyo ni gramu 15 hivi. Nina mizani ndogo ya jikoni kwa ajili hiyo. Sikubali "kiganja kimoja".

Maji kwanza kwenye ndoo ya plastiki, kisha unga, glavu na barakoa, upepo mgongoni, watoto mbali. Koroga, iache itulie, mimina maji ya juu kisimani. Piga pampu mpaka harufu itoke kwenye mdomo, halafu funga mkono kwa kamba mpaka kesho. Kesho yake pigeni mpaka harufu iishe kabisa, na maji hayo msiyaelekeze kwenye bustani wala bwawa la samaki. Watu watangaziwe jana yake wachote ya kutosha. Sisi tulisahau kutangaza mara moja, na kuna mama alikuja alfajiri, akafungua kamba, akapikia uji. Hakuna aliyedhurika, ila uji ulimwagwa na nililipa unga.

Mtu atauliza kwa nini mahangaiko yote haya kwa maji yanayong'aa. Kipindupindu kilichoanza Malawi Machi 2022 kiliua zaidi ya watu 1,700 na kufika wilaya zote. Siku hizi nikifika kijijini sihitaji kueleza. Wao ndio wananieleza mimi.

Watoto wenu

Wape kazi ya kweli au waacheni kwa bibi yao. Kifungua mimba wetu anabeba na kuchimba mfereji. Wa kati anahesabu na kuandika. Kitinda mimba alikuwa na kazi ya chupa za kupimia: unatia maji, unafunga, unaweka mahali pa joto, yakigeuka meusi ndani ya siku mbili hivi kuna dalili ya uchafu wa kinyesi. Alizipanga dirishani kwa shangazi akawa anazikagua kama mayai. Chupa iliyogeuka nyeusi haikuwa ya kisima, ilikuwa ya ndoo ya nyumbani kwetu wenyewe, ile tuliyokuwa tunachovya vikombe. Tangu siku ile shangazi ana ndoo yenye kifuniko na bomba.

Picha: kijana wetu alipiga watoto wakioga pale pampuni akazirusha mtandaoni. Chifu alimwita, akamuuliza kwa upole kama yeye angependa mama yake apigwe picha akioga. Simu sasa hupiga picha za rodi.

Fedha na mkwe

Kamati ya pampu, ambayo kule kila mjigo, ndivyo wanavyoiita pampu ya mkono, unatakiwa uwe nayo, isikusanye fedha kila mwezi. Hakuna mwenye fedha Februari. Karonga wanalima mchele unaoitwa Kilombero, jina la kwetu kabisa, na msimu ukivunwa kila kaya inatoa kipimo kidogo cha mpunga. Unauzwa wote pamoja, fedha inawekwa, na kabla haijapata hamu ya mtu, mipira ya mwaka ujao inanunuliwa siku hiyo hiyo. Mpira haukopesheki.

Hili la kukopesha tulilijua kwa uchungu. Mwaka mmoja tulikuta daftari safi na sanduku tupu. Mwenyekiti alikuwa amejikopesha. Mtunza fedha aliona, akanyamaza, na sisi tukamlaumu kwa ukali mpaka shangazi akanivuta pembeni. Yule mama alikuwa mkamwana wa mwenyekiti. Kwa desturi ya Kinyakyusa na Kingonde mkamwana humkwepa baba mkwe wake. Hata njia moja hawapishani kwa karibu, sembuse kumdai hesabu mbele za watu. Mimi mwenyewe ni mkamwana wa Kyela, nimejificha nyuma ya migomba baba mkwe akipita, na bado sikuuliza. Kwa hiyo sasa, kabla ya kamati kupigiwa kura, nauliza nani ameoa kwa nani. Naandika mti wa ukoo kwenye ukurasa wa mwisho wa daftari.

Mkirudi nyumbani, msipige simu Julai. Julai kila kisima kina maji na kila mtu anashukuru. Pigeni Oktoba mwishoni, maji ya ardhini yakiwa chini kabisa, na msiulize "hamjambo na pampu?" maana mtajibiwa haijambo. Ulizeni asubuhi inadai mikono mingapi. Mwaka juzi shangazi alinijibu minne. Mwaka jana alisema saba, na kabla sijamwita mzee wangu kwenye simu akaongeza kwamba mkeka wameshaufua, wanafungua Jumamosi.